Maswali ya Wasomaji: Mzigo Kutoka Machimbo ya Mlimani

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wachimbaji wadogo ambao duara, yaani shimo la kuchimbia, liko juu na barabara iko chini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Wapendwa wahariri, shikamooni. Tunachimba vito mlimani huku Mahenge. Duara liko mita 180 juu ya barabara ya gari. Vijana wanashusha viroba vya kilo 50 kichwani, na msimu wa mvua uliopita wawili walivunjika miguu. Tumesikia mtu anaweza kushusha mawe kwa waya bila injini. Ni kweli? Tuanzie wapi?
*Kikundi cha wachimbaji, Ulanga*

Marahaba, na poleni sana kwa vijana walioumia. Ni kweli. Katika milima ya Nepal wakulima wanashusha mboga kwa mtambo wa namna hiyo, na mawe hayana tofauti na mboga mbele ya mteremko.

Mtambo wenyewe uko hivi. Nyaya mbili nene hufungwa sambamba kutoka juu hadi chini, na kila moja hubeba toroli lake linaloning'inia kwa magurudumu madogo. Waya wa tatu, mwembamba, unayaunganisha matoroli hayo mawili ukizunguka gurudumu kubwa lililoko juu na jingine lililoko chini. Toroli la juu likijazwa mawe linashuka, na likishuka linalipandisha la chini likiwa na maji, mbao au unga. Mzigo unaoshuka uwe angalau mara 3 ya ule unaopanda. Ukipunguza hapo, msuguano unaimeza tofauti yote na matoroli yanasimama hewani katikati ya safari, mahali pasipofikika kwa mkono.

Msinunue waya kabla ya kuupima mlima. Kwa mteremko wa nyuzi 30, mita 180 za kimo zinahitaji waya wa mita 360 kati ya nanga na nanga, yaani pale waya unapofungwa juu na chini, bila kuhesabu wa kufungia. Nyuzi 30 ni nzuri. Chini ya 15 mzigo hauna nguvu ya kuvuta mwenzake, na ukipita 40 breki inateswa. Ila kilicho kikubwa kuliko pembe ni umbo la mlima. Waya wenye mzigo hulegea, na lazima uachwe ulegee. Tunashauri ulegee kwa asilimia 5 ya umbali wa usawa kati ya ncha mbili. Kwenu umbali huo ni kama mita 312, kwa hiyo katikati waya utashuka karibu mita 16 chini ya mstari ulionyooka. Tafuteni basi mahali ambapo mlima umebonyea kama bakuli, ili toroli likipita katikati libakize mita 3 za hewa chini yake. Mlima ulionyooka au uliovimba tumbo utawalazimisha kusimamisha mnara njiani, na mnara mmoja unaweza kula fedha na muda kuliko mtambo wote uliobaki. Ni bora kusogea mita 100 pembeni mkapata bonde.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Chukua waya wa milimita 12, ule wa misokoto 6 yenye nyaya ndogo 19 kila mmoja. Ukiwa mpya hukatika kwenye tani 7 na nusu hivi hadi 8. Weka toroli la kilo 25 na mawe kilo 100 katikati, waya ukiwa umelegea mita 16: mkazo kwenye nanga ya juu unafika kama tani 1.4. Hapo mna akiba ya zaidi ya mara 5, na kazi inaendelea vizuri. Sasa aje fundi aone waya umelegea, aone haya, auvute hadi ulegee mita 8 tu. Mzigo ni uleule, toroli ni lilelile, lakini mkazo umefika karibu tani 2.7 na akiba imeshuka chini ya mara 3. Siku atakapotokea mtu wa kuongeza kiroba kimoja "ili tumalize mapema", au waya uwe na kutu usiyoiona, hapo ndipo unapokatika. Waya uliolegea vizuri haupendezi macho, lakini ndio unaobeba.

Nanga. Nyaya mbili zitavuta karibu tani 2.8 kila mwisho, kwa hiyo mti si nanga, hata uwe mnene kiasi gani. Upepo unautikisa mchana na usiku, mizizi inalegea, na mvua inamalizia. Mkipata mwamba mzima, gongeni kwa nyundo. Mwamba mzima unalia kama chuma, wenye ufa unatoa sauti butu. Toboeni mashimo yasiyopungua 3 ya mita 1.5, mtie nondo za milimita 25 na saruji. Pasipo na mwamba, chimbeni shimo mjenge bonge la mawe na saruji lenye urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kimo mita 1.5. Hilo lina uzito wa karibu tani 10. Waya usifungwe kwenye kitanzi kilichochomekwa usoni mwa bonge. Uzungushwe nyuma yake, ukikaa juu ya bomba nene la chuma, ili ulivute bonge zima. Juu ya nanga chimbeni mfereji wa kukinga maji, kwa sababu nanga nyingi huuawa na maji kabla ya kuuawa na mzigo. Acheni saruji siku 28. Na kabla ya kufunga waya, mleteni mhandisi aikague nanga na mahesabu, na Afisa Madini Mkazi ajue mnachojenga.

Sasa breki, ambayo ndiyo roho ya mtambo. Watu hutuuliza habari za injini, kana kwamba kazi ni kuvuta. Mlima unavuta wenyewe, tena bila kuchoka. Kazi ya mwanadamu ni kuuzuia. Mawe kilo 100 yakishuka mita 180 huku kilo 30 zikipanda, nguvu inayobaki, ukitoa ile ndogo inayoliwa na msuguano, inageuka joto ndani ya breki. Joto hilo kwa safari moja linatosha kuchemsha karibu vikombe viwili vya chai. Kwa safari 40 kwa siku ni kama lita 15 za maji ya kuchemka, yote ndani ya ngoma moja ya chuma. Vipande vya mbao vinavyobanwa kwenye gurudumu huanza kutoa moshi mapema na kuteleza baadaye. Tumieni ngoma ya breki ya lori pamoja na viatu vyake, ifungwe kwenye mhimili wa gurudumu la juu. Wenzo wake uwekewe uzito unaoifunga breki muda wote, na mwendeshaji awe anaufungua kwa kuubonyeza. Akiteleza, akizimia au akigeuka kuongea, mtambo unasimama wenyewe. Breki ya kawaida inayofungwa kwa kubonyeza inafanya kinyume chake, na haifai hapa.

Kuna ajali moja ambayo breki nzuri haiizuii: gurudumu limesimama kabisa, lakini waya mwembamba unateleza juu yake na mzigo unaendelea kushuka. Hutokea waya ukiwa na grisi nyingi, au umelegea, au mfereji wa gurudumu ukiwa chuma kitupu. Vikeni mfereji huo mpira wa tairi, na gurudumu la chini liwe kwenye fremu inayosogea yenye sanduku la mawe linalolivuta, ili waya ubaki na mkazo uleule jua likiwaka au baridi ikipiga. Gurudumu lisiwe dogo. Kwa waya wa milimita 9 kipenyo kisipungue sentimita 36, na 60 ni bora, kwani gurudumu dogo linaukunja waya na kuzivunja nyaya za ndani ambazo macho hayazioni.

Mwendo uwe mita 3 kwa sekunde, yaani dakika 2 kwa safari. Jaribuni kwanza kwa mawe ya kilo 125 kabla ya kubeba kilo 100 za kazi. Mawasiliano yawe ya kengele ya kamba, kwa kuwa mtandao wa simu mlimani hauaminiki: mlio 1 simama, milio 2 shusha. Breki haifunguliwi mpaka aliye chini apige yake, na aliye juu aijibu. Mtu hapandi toroli hata siku moja, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa mwenye leseni. Na chini ya nyaya wekeni uzio. Mbuzi na watoto hawasomi vibao.

Swali: Habari za kazi, mafundi wenzangu. Niko Kasigau, Taita Taveta. Tunabishana namna ya kufunga klipu za waya wa winchi. Mmoja anasema ziwekwe mbili zikitazamana, mwingine anasema upande wowote ni sawa. Nani yuko sahihi?

Wote wawili wamekosea, kaka. Klipu ina kipande chenye meno, yaani tandiko, na chuma kilichopindwa kama herufi U. Tandiko linakaa kwenye waya unaobeba mzigo. Ile U inaubana mkia, yaani ncha iliyorudi nyuma. U huponda waya, na upande wa kupondwa ni ule usio na kazi. Klipu zote zielekee upande mmoja, hakuna kutazamana.

Kwa waya wa milimita 12 au 13 zinatakiwa klipu 3, mkia uwe na sentimita 30, na nafasi kati ya klipu na klipu iwe kama sentimita 8. Anza na iliyo karibu na ncha ya mkia, kisha iliyo karibu na kitanzi, halafu ya kati. Kwa spana ya sentimita 30, sukuma kwa nguvu ya kama kilo 30 kwenye nati za klipu. Baada ya mzigo wa kwanza kaza tena, kwa maana waya ukivutwa unakonda na klipu iliyokuwa imebana inakuwa imelegea. Usiruke hatua hiyo. Ndani ya kitanzi weka kile kipande cha chuma chenye umbo la tone la maji, la sivyo waya unajikunja kwenye pini na kufa. Hata ukifanya yote sawasawa, kitanzi cha klipu kinabeba kama asilimia 80 tu ya nguvu ya waya. Kiingize kwenye hesabu.

Na kwa kuwa umegusa winchi: pitisha kitambaa kwenye waya kila asubuhi ukiwa na glovu. Kitambaa kikinasa, simama uhesabu. Ndani ya urefu wa mzunguko mmoja kamili wa msokoto, ukikuta nyaya ndogo 6 zimekatika, au 3 katika msokoto mmoja, waya huo umestaafu. Ukate vipande, usiuuze kwa jirani.

Swali: Tumeunganisha mapipa ya mafuta yaliyotobolewa pande zote mbili yawe bomba la kushushia mawe, mita 40 kwenda chini. Mara yanakwama, mara yanatoka kama risasi. Tufanyeje?
*Mchimbaji, Songwe*

Matatizo hayo mawili yana sababu mbili tofauti.

Yanatoka kama risasi kwa sababu jiwe likianguka mita 40 bila kizuizi linafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Katika bomba lililolala linapungua, lakini linabaki la kuua. Kateni safari hiyo vipande vya mita 10. Mwisho wa kila kipande wekeni sanduku ambamo mawe yanaangukia juu ya mawe wenzake kabla ya kugeuka na kuendelea. Jiwe linalopiga jiwe halitoboi bati, na mwendo unaanza upya.

Yanakwama kwa sababu pipa lina upana wa sentimita 57 hivi. Bomba la mawe linataka upana wa mara 4 au 5 ya jiwe kubwa kuliko yote, kwa hiyo kwenu jiwe lisizidi sentimita 12. Juu ya mdomo wekeni chekeche la nondo lenye nafasi hizo, na kinachobaki juu kipigwe nyundo. Sababu nyingine ni pembe. Mawe makavu yaliyopasuliwa hutulia yenyewe kwenye nyuzi 35 hadi 40, basi bomba liwe 45 au 50. Yakiwa na udongo wenye maji hata 50 haitoshi, mnahitaji 60. Wakati wa masika ni afadhali mkaacha kulitumia.

Yakikwama, mtu asiingie ndani wala asisimame chini kuchokoa. Mzigo ulioning'inia ndani ya bomba hautoi taarifa ukiachia. Toboeni matundu ya pembeni kwenye kila kipande, mchokoe kwa nondo ndefu kutoka ubavuni, mkianzia kipande cha chini kabisa, na mlango wa chini ukiwa umefungwa.

Swali: Shikamoo mhariri. Huku Shume wazee wanasema Wajerumani walikuwa na waya wa kushusha madini hadi Mkumbara. Ni hadithi au kweli?
*Mwanafunzi, Lushoto*

Marahaba mwanangu. Waya ulikuwepo, madini hapana. Kilichoshuka ni magogo ya mwangati, ule mti ambao kwingine wanauita mtarakwa. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha mbao Shume, ambako Wajerumani walipaita Neu-Hornow, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilijengewa njia ya waya yenye urefu wa karibu kilomita 9, ikiporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye reli ya Tanga pale Mkumbara. Walioijenga ni Adolf Bleichert & Co. wa Leipzig, na hapo ndipo wazee wako wanapokaribia ukweli, kwa sababu kampuni hiyohiyo ilijulikana duniani kwa nyaya za migodi.

Njia yake kubwa ya waya iko Argentina, kutoka mji wa Chilecito hadi mgodi wa La Mejicana. Ilianza kazi 1905, ina urefu wa karibu kilomita 35, na inapanda kutoka takriban mita 1,000 juu ya bahari hadi zaidi ya 4,400. Njia yote imegawanywa kwa vituo 9, na kila kipande kati ya kituo na kituo kilikuwa na waya wake wa kuvutia. Behewa lilipofika kituoni liliachia waya mmoja na kushika mwingine. Anayefikiria kuvuta waya mmoja kutoka kileleni hadi barabarani kupitia kona na mabonde aitazame hiyo. Hata wao, pamoja na viwanda vyao, waliikata njia vipande.

Swali: Tunapandisha maji kwenye mgodi wa wolframu kwa pampu ya umeme yenye shinikizo kubwa. Kimo ni mita 200, bomba ni la plastiki lililoandikwa PN16. Limepasuka mara tatu, kila mara sehemu ya chini. Bomba ni bovu?
*Msomaji, Rulindo, Rwanda*

Bomba ni zima, limepewa kazi isiyo yake. Kila mita 10 za kimo ni kama bari 1 ya shinikizo. Mita 200 ni bari 20, na PN16 imeandikwa kwa bari 16. Hupasuka chini kwa kuwa shinikizo lote liko chini. Juu kabisa ya mlima hata bomba jepesi lingetosha. Pampu ikizimwa ghafla mambo yanazidi, maana maji yote yaliyo njiani yanarudi kwa kishindo. Wekeni tangi kwenye mita 100 na pampu ya pili hapo, na kila pampu iwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Gharama ya umeme haibadiliki sana: lita 1,000 kwa mita 200 zinakula kama uniti 1 na nusu kwa pampu za kawaida.

Halafu hesabuni mvua. Paa la mita za mraba 30 juu mgodini linakinga lita 300 kwa mvua ya milimita 10, nayo hayahitaji kupandishwa.

Swali: Tukichonga barabara ya Canter hadi duarani, mwinuko uwe kiasi gani?

Mita 1 kwa kila mita 10. Kwa kimo cha mita 180 hiyo ni barabara ya kilomita 1.8, na ndiyo maana tunawaambia wengi waanze na waya. Kwenye kona za kurudi nyuma lainisheni zaidi, gari lisigeuke likiwa limeinama. Upande wa bonde wekeni tuta la udongo lenye kimo kisichopungua nusu ya tairi la gari kubwa linalopita. Barabara iinamie ndani, mlimani, na mfereji uwe upande huo. Mawe taka msiyamwage kwenye ukingo wa chini, maana yakishiba maji yanashuka na barabara yenyewe. Dereva ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia.

Swali: Punda mmoja abebe kilo ngapi mlimani?

Kama theluthi ya uzito wake kwenye njia nzuri. Punda wetu wengi wana kilo 130 hadi 160, basi 40 hadi 50, na kwenye mawe yanayoteleza shusha hadi 30. Mzigo ugawanywe sawa pande mbili na ukae mbali na uti wa mgongo, juu ya tandiko lenye nafasi katikati. Kidonda cha mgongo maana yake ni wiki kadhaa bila kazi.

Swali: Baruti nazo tuzipandishe kwa waya pamoja na mizigo mingine?
*Mchimbaji, Ulanga*

Hapana. Baruti na fataki, yaani viwashio vya kuilipulia, hazisafiri pamoja hata siku moja, na hazichanganyiki na mafuta wala vyuma. Zinapandishwa na mtu mwenye kibali cha kulipua, kwa miguu, kila kimoja kwenye sanduku lake la mbao lenye kufuli, na kwa safari tofauti. Waya wa chuma wa mita 360 uliolala kwenye mlima ni njia ya radi. Mkisikia ngurumo, hata ikiwa mbali, funguni breki, toeni mikono kwenye vyuma na muondoke kwenye vituo vyote viwili. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.